Redio Iliyogawiwa Mafungu Matatu

Mkoba, Gweru
12 Januari 1997

Shangazi Otilia,

Huku tupo salama kama nawe upo salama. Baba anauliza kama mguu umeanza kukanyaga au bado daktari anakukataza. Tunakula mahindi mabichi ya bustani ya Babu. Aliyapanda mwenyewe kabla hajaugua na sasa yameiva, kwa hiyo kila mtu anatafuna kimya.

Nina jambo la kuuliza. Fidelis alikuja Jumapili. Alisema yeye ndiye mtoto wa dada yake Babu, kwa hiyo ndiye mgawaji, na amechagua Jumamosi ya mwisho ya Februari. Vitu vyote vya Babu vitatolewa uani, viwekwe mkekani, kila ndugu apate fungu lake. Nguo, majembe, baiskeli. Nikamsikia akimwambia Baba, "Na yale madude ya chumba cha nyuma pia. Mzee ametuachia redio nyingi kuliko wajukuu."

Je, haiwezekani redio zibaki chumbani? Simwombei mtu yeyote. Ni kwamba zimezoeana. Zile taa za kioo za ndani, ambazo Babu aliziita vali, haziuzwi tena madukani, naye alikuwa anaazima kwenye redio hii anaweka kwenye ile. Ile kubwa ya kijani, iliyotoka kwenye ndege za vita vya zamani, aliimaliza wiki ileile aliyolazwa. Bado hakuna aliyeisikia ikiongea. Mimi nilimshikia tochi tu.

Wewe ndiye dada ya Baba na Baba mdogo Kenias. Ukisema neno hawatakataa.

Mwanao,
Shuvai


Bulawayo
21 Januari 1997

Shuvai mwanangu,

Mguu haukanyagi. Wameniwekea chuma kwenye nyonga na natembea na magongo mawili kama panzi. Kwa hiyo sitakuja kwenye ugawaji.

Sasa nijibu bila kuzunguka: nani amekutuma? Mwandiko ni wako lakini nasikia mtu mwingine anapumua nyuma yako. Kama ni baba yako anataka kumuuzia redio yule mzungu wa duka la saa aliyekuwa anamsumbua mzee, mwambie dada yake ameshamjua. Vitu vya marehemu havikaliwi na mtu mmoja. Anayevikalia vyote, watu watauliza tangu lini alikuwa anasubiri. Fidelis agawe kama alivyogawa vya bibi yako, sufuria kwa sufuria, na hakuna aliyenung'unika isipokuwa mke wa Kenias, ambaye hunung'unika hata akipewa kuku.

Redio si mbuzi, mwanangu. Hazizoeani.

Na mimi sitaki kitu. Waambie wasiniwekee hata kitufe. Baba yangu alisikiliza London, akasikiliza Kongo, akasikiliza meli zinazopotea baharini. Sisi watoto wake tulikuwa chumba cha pili.

Shangazi yako,
Otilia


Mkoba
26 Februari 1997

Shangazi,

Hakuna aliyenituma. Baba hajui kwamba niliandika, na naomba asijue.

Vimegawiwa. Watu walijaa mpaka barabarani. Fidelis alivaa kofia ya Babu na miwani yake, akapita kati ya redio akiwa ameinama, anaigonga moja kwa kidole, anaitegea sikio. "Nyamazeni," akasema. "Peru wanaongea." Mama yake mwenyewe alicheka mpaka akaomba maji.

Redio ndogo zilienda moja moja. Ile yenye kitambaa cha dhahabu alipewa jirani aliyemwosha Babu alipofariki. Gramafoni imekwenda kwa ndugu wa Shurugwi. Zile vali zilikuwa kwenye maboksi ya viatu, kila moja imefungwa kwenye gazeti. Fidelis alizigawa kwa viganja, kama karanga. Watoto wawili walianza kupigiana makelele kuhusu zipi ni za kwao, ikabidi zihesabiwe upya.

Halafu ikaja ile ya kijani. Shangazi, ile ni redio moja. Imetengenezwa kwa maboksi matatu kwa sababu kwenye ndege kila kitu kilikuwa na mahali pake: redio yenyewe, spika, na boksi la kuipa umeme. Yameunganishwa kwa nyaya nene, lakini nyaya zilikuwa zimechomolewa ili yapite mlangoni. Fidelis aliona maboksi matatu, yote ya kijani, yote mazito, akapiga makofi. "Watoto watatu, maboksi matatu. Mzee alipanga mwenyewe." Watu wakaitikia. Redio ikaenda kwa Baba mdogo Kenias. Spika kwa Baba. Boksi la umeme limewekwa kwa jina lako.

Mama yake Fidelis alisema, "Otilia alituma neno kwamba hataki kitu."

"Otilia alimkataa hata aliyemletea ng'ombe," Fidelis akajibu, "na tukamwoza. Atapokea."

Mimi nilikuwa nimepiga magoti pembeni na beseni la kunawia. Nilifungua mdomo. Mama akanitazama, nikapeleka beseni kwa mzee aliyefuata.

Fungu langu ni koti la mvua na chuma cha Babu cha kulehemu. Fidelis alinipa chuma kile kwa sababu alidhani ni cha kunyooshea nywele.

Boksi lako linakuja na basi la Ijumaa. Tafadhali usilichomeke ukutani. Likiwa peke yake bila redio, umeme unapanda ndani na kukaa humo hata baada ya kulichomoa. Linaweza kukupiga vibaya.

Mwanao,
Shuvai


Bulawayo
10 Machi 1997

Shuvai,

Limefika. Kondakta alilishusha mlangoni akaniuliza kama nimezika mtu humo. Nimeliweka chini ya dirisha la jikoni na sufuria ya ugali wangu wa sadza inakaa juu yake. Linafaa. Usihangaike.

Nimeisoma barua yako mara mbili. Nilikosea kumfikiria baba yako vile, lakini usimwambie, atavimba kichwa. Naona pia kwamba unajua mengi kwa mtu aliyeshika tochi.

Hebu niambie, boksi hili hufanya nini hasa? Nauliza tu, maana wageni wanauliza.

Otilia


Mkoba
4 Aprili 1997

Shangazi,

Ahsante kwa kuuliza. Ukutani umeme ni wa namna moja tu, na redio ile inakula wa namna mbili: kidogo wa kuwasha vali, na mkali wa kuzifanya zifanye kazi. Boksi linaandaa namna zote mbili. Ndani kuna transfoma nzito ya chuma, ndiyo maana linavunja mgongo. Likifanya kazi huvuma, kama nyuki walio mbali. Bila hilo, redio ya kijani ni kabati tu.

Matokeo yangu yametoka, nimefaulu isipokuwa Kiingereza. Baba anataka niende kushona.

Sikutaka kukusumbua, lakini kuna shida kwa Baba mdogo Kenias. Redio yake haiongei. Alimpelekea fundi wa mjini, fundi akaigeuza geuza akasema hajui hata inapochomekwa. Sasa Baba mdogo anasema Babu amemnyamazia. Mwezi wa tisa walijibizana kuhusu uzio, akamwambia Babu maneno mabaya, na kabla hawajapatana Babu akalazwa. "Kwa kaka yangu ametulia," anasema, "kwangu amekataa kuongea." Kwetu spika nayo haiongei, ila Mama ameitandika kitambaa na kuweka picha, kwa hiyo hakuna anayeiona kama imenyamaza.

Baba mdogo hali vizuri. Mkewe amempeleka kwa nabii wa wale wa mavazi meupe wanaosali uwanjani nyuma ya maduka. Nabii amesema redio ina kinyongo cha marehemu na ichomwe moto. Wamepanga Jumapili ya kwanza ya Juni, mavuno yakiisha.

Shangazi, mimi na Babu tuli... Babu alikaa na redio ile miaka. Ikichomwa hakuna nyingine. Naomba vitu viwili. Umwandikie Baba mdogo kwamba redio haijakataa, imekosa boksi. Na ututumie boksi kwa siku moja tu.

Mwanao,
Shuvai


Bulawayo
12 Aprili 1997

Shuvai,

Nikimwandikia Kenias atasema dada ameanza kutaka fungu la mwenzake. Akiniuliza ndani kuna nini, nitamjibu sufuria. Anayejua ni wewe.

Najua utasema huwezi. Ulikuwa hivyo tangu unatambaa, ukitaka maji unaitazama ndoo. Basi usiende kama mtoto wake. Mtoto wa kike wa kaka ni shangazi mdogo, na mkubwa akiwa hayupo, mdogo ndiye yeye. Hilo Kenias analijua, hata alewe. Ukifika usipige magoti. Usikae mkekani. Omba kiti, kaa, na umwambie: Otilia amefika. Halafu nyamaza mpaka wakupigie makofi ya salamu. Wakichelewa, kohoa.

Kuhusu boksi, kondakta wa siku hizi ni mlevi. Tutaona.

Otilia


Mkoba
22 Aprili 1997

Shangazi,

Nilikwenda.

Mke wa Baba mdogo alikuwa anachambua mboga. Nikasema naomba kiti. Akasema, "Kiti cha nini, mkeka huu hapa." Nikasema tena, sauti ikatoka ndogo kuliko ya kwanza. Baba mdogo akachungulia dirishani. "Mtoto ana nini?"

Nikasema, "Otilia amefika."

Alitoka nje. Alinitazama kuanzia viatuni, akaanza kucheka. Mimi nilibaki nimesimama kwa sababu sikujua pa kukimbilia. Halafu cheko likamwishia. Akaingia ndani, akaleta kiti chake mwenyewe, akakipangusa. Nikakaa. Ilikuwa kimya mpaka nikakohoa, na hapo akachuchumaa, mwanamume mzima, akapiga makofi na kuniita Chihera, jina la wanawake wa ukoo wetu. "Karibu, dada. Mguu?"

Nikasema, "Haukanyagi."

Kisha nikamwambia yote. Nilichora kwa kijiti chini, maboksi matatu na nyaya. Nilimwambia kwamba Babu hakumnyamazia, na kwamba hata kwetu redio ile isingeongea, na hata kwako. Akauliza, "Na wewe umejuaje?" Nikamwambia ukweli: nusu ya viungo vya ndani nilivilehemu mimi, kwa sababu macho ya Babu yalikuwa yamechoka, na hatukumwambia mtu.

Mkewe akasema, "Nabii hakusema habari za boksi."

Baba mdogo akasema, "Nabii hajawahi kufika Bulawayo." Kisha akanigeukia. "Dada, nasubiri mpaka Jumapili ile ya Juni. Boksi likija na redio ikaongea, nitajua. Lisipokuja nitaichoma, maana siwezi kulala nayo nyumba moja."

Kwa hiyo sasa limebaki boksi. Kama kondakta ni mlevi, Fidelis yuko tayari kulifuata.

Shuvai
(shangazi mdogo)


Mkoba
13 Mei 1997

Shangazi,

Hujajibu. Fidelis alifika kwako Jumamosi na unajua alichotuambia, kwamba ulimpa chai na mkate na ukamwambia boksi limefungiwa chumbani na ufunguo umepotea. Anasema jikoni chini ya dirisha hakuna kitu.

Sitaki kukukosea heshima. Nauliza mara moja tu. Umeliuza?

Kama umeliuza, niambie ili nimwambie Baba mdogo mwenyewe, asisubiri bure.

Shuvai


Bulawayo
20 Mei 1997

Mwanangu,

Sijaliuza. Ufunguo uko mfukoni mwangu. Boksi liko chumbani, kando ya kitanda, nami nililichomeka ukutani.

Ndiyo, najua ulivyoniandikia. Nilikaa siku moja tu na ile sufuria juu yake. Siku ya pili nilikuwa peke yangu, mguu unauma, nikasema hebu nione linavyokula umeme. Likaanza kuvuma, na mimi nikakaa chini pale pale na magongo yangu.

Nilipougua surua nilikuwa mdogo. Walinilaza chumba cha pili, dirisha limezibwa kwa blanketi kwa ajili ya macho. Ukutani, upande wa pili, kulikuwa na mvumo huo. Si boksi hili, lilikuwa jingine, lakini sauti ni ileile. Ukivuma, nilijua baba yupo. Ukinyamaza, nilijua ametoka. Hakuingia hata mara moja kuniuliza nimeamkaje. Hilo nimelisema maisha yangu yote, nimemwambia mume wangu, nimewaambia wanangu, nililisema hata siku ya mazishi: hakuingia.

Sasa nimekaa miezi miwili na boksi hili, nikakumbuka kitu ambacho sikuwahi kukifikiria. Wiki zile zote, mvumo haukunyamaza mchana. Baba alikuwa mtu wa reli, Shuvai. Mchana alitakiwa awe kazini.

Sina wa kumuuliza sasa. Mama yangu angejua.

Ndiyo maana sikulitoa. Niliona aibu kukuandikia, baada ya kusema wasiniwekee hata kitufe. Nilipomwambia Fidelis habari ya ufunguo, lilikuwa linavuma nyuma ya mlango, na yule mpumbavu akaniuliza kama nafuga nyuki.

Lakini Kenias asichome. Na yeye anasubiri neno kutoka kwa mzee, kama mimi. Nitakuja mwenyewe kwa treni ya Jumamosi, tarehe thelathini na moja. Boksi litakaa magotini pangu. Fidelis anisubiri na toroli, moja ya boksi na moja yangu.

Nimelichomoa leo asubuhi. Chumba ni kikubwa sana.

Otilia


Mkoba
10 Agosti 1997

Shangazi mpendwa,

Barua hii inaletwa na Fidelis mkononi, na alichobeba kingine utakiona. Usimkaripie, nimemlazimisha.

Tangu uondoke watu bado wanaisimulia Jumamosi ile. Wanaisimulia vibaya, kwa hiyo naiandika kama ilivyokuwa. Tuliweka maboksi matatu juu ya meza ya Babu. Baba akanishikia tochi. Nilipowasha, haikuongea. Mke wa Baba mdogo akasema "Ehe." Ukamwambia anyamaze, na mimi nikafungua kifuniko mbele ya watu wote, nikakuta vali moja imechezacheza njiani, nikaikandamiza kwa kidole gumba. Ikaanza kama mvua ya mbali. Halafu ikaja sauti ya mwanamume anayeongea lugha isiyojulikana, taratibu, kama anayesoma bei za mazao. Fidelis akainua mkono akatafsiri: "Anasema sadza iletwe." Watu wakacheka, lakini Baba mdogo hakucheka. Aliomba tutoke. Alikaa na redio peke yake mpaka chakula kikapoa, na alipotoka alikula sahani mbili.

Tangu siku ile redio yake imelala hapa kwa hiari yake. Spika ya Baba pia. Na wewe kule stesheni ulisema boksi libaki kwangu, ukapanda treni haraka, ukakaa upande wa pili ambao hatukuona uso wako.

Nilifurahi, sitadanganya. Ndicho nilichokuwa nataka tangu Januari, na sikuthubutu kukiandika. Nilitaka vyote viwe mahali pamoja na niwe navyo. Lakini kila nilipowasha nilikuona chumbani kwako na ukuta umenyamaza.

Basi nikatoka. Nilikwenda kwa kila aliyepewa kiganja cha vali. Sikuomba fungu la mtu, maana kilichogawiwa kimegawiwa. Niliwaambia nitazikagua kama bado ni nzima. Wengine walikuwa wamezipanga dirishani, mwingine kaweka kwenye kibanda cha kuku ili kuku wadhani ni mayai. Walinikaribisha, wakanionyesha na redio walizopewa, zilizokufa. Nikawa nazifungua palepale mezani kwao, chai pembeni. Ile ya kitambaa cha dhahabu inaongea. Shurugwi nitakwenda mwezi ujao kwa ajili ya gramafoni. Naondoka na vali mbili hapa, kipande cha waya pale, wananipa wenyewe. Transfoma nimepata kwa yule mzungu wa duka la saa. Aliuliza nataka kuuza nini, nikasema nanunua, akanipa kwa bei ya chuma chakavu baada ya kuniuliza maswali na kunikosoa jibu moja tu.

Nimetengeneza boksi jingine. Halipendezi, nimelifunga ndani ya debe la mafuta ya kupikia, lakini redio ya kijani inalikubali. Baba amelisikia. Hajasema tena habari za kushona, ila jana alinunua balbu mpya ya chumba cha nyuma akaifunga mwenyewe.

Kwa hiyo lako linarudi. Nimelifungua na kulitazama kila mahali. Zile sehemu zinazoshikilia umeme nimezibadilisha zote, na ndani nimefunga rizista kubwa inayoula umeme taratibu, ili likiwa peke yake lisipande, na ukilichomoa lisibaki na kitu cha kukupiga. Litapata joto kidogo upande wa kulia, usiweke pazia karibu. Nimelijaribu siku tatu mfululizo bila redio yoyote.

Linavuma vilevile. Lichomeke tu.

Mwanao,
Shuvai